Zima Sauti Uone Kama Utaogopa

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya wachumba na wenye nyumba, maana nimeletewa swali ambalo limenikaa kichwani siku nne nzima. Kijana mmoja wa Tabata anauliza kama mtu mzima mwenye akili zake anaweza kujifungia chumbani akasikiliza muziki wa picha bila picha yenyewe kuwepo. Anasema anaishi geto na mwenzake, na huyo mwenzake kila usiku anavaa spika za masikioni anasikiliza miziki ya sinema na ya magemu. Hakuna mwimbaji, hakuna maneno, ni vinanda na ngoma tu. "Kaka, huyu mtu yuko sawa kweli?" ndivyo anavyouliza.

Yuko sawa, bwana mdogo. Tena mpe salamu zangu, mwambie yupo mwandishi mmoja wa gazeti ana ugonjwa huo huo tangu enzi za mikanda ya deki.

Hebu fanyeni jaribio moja. Mtafute lile picha la papa, Jaws, la mwaka 1975. Mfike pale mwanzoni dada anapoogelea usiku peke yake, halafu mzime sauti. Mtaona nini? Maji. Mtaona mtu anarushwarushwa kwenye maji, na kama una roho ngumu unaweza hata kucheka. Sasa rudisha sauti. Zile nota mbili nzito, moja inapanda nyingine inashuka, zinaanza polepole halafu zinakaribia... Hapo ndipo watu walipokuwa wanapandisha miguu juu ya kiti, utafikiri papa anaweza kupita chini ya benchi la Magomeni!

Nota mbili tu, jamani. Aliyezitunga ni John Williams, Mmarekani, na alipompigia Steven Spielberg kwenye piano kwa mara ya kwanza, Spielberg alicheka akidhani ni utani. Alikuwa kijana asiyefika miaka 30, na shida zake zilikuwa nyingi. Papa wake wa bandia, wa mashine, alikuwa anaharibika kila akiguswa na maji ya chumvi. Picha la papa halina papa! Ikabidi amfiche mnyama muda mrefu, na mahali pa mnyama akauweka muziki. Kwa hiyo ukisikia zile nota mbili, ndiye papa huyo.

Na kuna ujanja mwingine humo ndani ambao wengi hawauoni. Mnakumbuka watoto wawili wanaowatisha watu ufukweni kwa pezi la uongo? Watu wote wanakimbia, vurugu tupu, lakini muziki wa papa haupigwi. Umenyamaza kabisa. Yaani Williams hakudanganyi hata siku moja. Macho yako yanaweza kudanganywa, ila masikio yako yameshaambiwa ukweli. Williams alipata Oscar kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu walichelewa kumpa.

Haya, tuje kwa mfalme wangu. Kwenye muziki wa picha mimi nina mfalme mmoja tu na jina lake ni Ennio Morricone, Mtaliano wa Roma, mpiga tarumbeta kama baba yake. Alizaliwa mwaka 1928 akafariki Julai 2020, na katika maisha yake alitunga muziki wa picha zaidi ya 400. Hata umpende vipi, huwezi kuzimaliza zote.

Wale wa rika langu mnajua namwongelea nani, hata kama jina hamlijui. Ni yule wa picha za kaboi. Ule mluzi! Kila mtoto wa Ilala, Magomeni na Temeke aliupiga ule mluzi akitumwa dukani, mkono mmoja kiunoni kwenye bastola ya mti. Picha lenyewe ni The Good, the Bad and the Ugly, la mwaka 1966. Ule mlio wa mwanzo unaofanana na mbweha anayelia nyikani, Morricone aliugawa mara tatu kwa watu watatu. Yule mwema alimpa filimbi, yule mbaya akampa okarina, ambayo nayo ni filimbi ila ya udongo, nene kidogo, na yule wa tatu mwenye sura ya shida akampa sauti za watu. Wimbo ni huo huo mmoja, umepita kwenye midomo mitatu. Ndiyo maana hata ukiwa umegeuka unanunua karanga, unajua nani ameingia.

Morricone na mwongoza picha Sergio Leone walisoma darasa moja shule ya msingi huko Roma. Walipokutana tena ukubwani kwa ajili ya A Fistful of Dollars ya mwaka 1964, pesa zilikuwa za mawazo. Hakukuwa na uwezo wa kulipa jeshi zima la wapiga fidla kama wafanyavyo Hollywood. Morricone akafanya nini? Akachukua gitaa, akachukua mtu wa kupiga mluzi, akachanganya na mlio wa mjeledi na kengele. Umaskini wake ukageuka kuwa saini yake. Baadaye pesa zilipokuja, kwa lile picha la Once Upon a Time in the West la mwaka 1968, aliutunga muziki kabla picha halijapigwa. Leone alikuwa anaupiga palepale kwenye kazi, waigizaji wanatembea kwa mapigo yake. Ukiliangalia tena utaona, mama yule anatoka stesheni anatembea kama anayesukumwa na wimbo, kumbe ndivyo ilivyokuwa hasa.

Sasa niwaambie habari ya mkalimani wetu. Kibanda chetu cha video kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na alikuwepo jamaa mmoja wa kutafsiri, anakaa na kipaza sauti chake pembeni ya TV. Mnawajua hawa watu. Anaongea kuanzia jina la picha mpaka majina ya mafundi umeme mwishoni. Steringi akinyamaza, yeye anaongea kwa niaba yake. Adui akipiga chafya, anatafsiri. Lakini pale makaburini, wale watatu wamesimama duara wanaangaliana nani atachomoa kwanza, dakika kadhaa hakuna neno, ni tarumbeta na gitaa na macho tu... jamaa alikuwa anaweka kipaza sauti chini. Kibanda chote kimya, watu zaidi ya hamsini na joto lile. Siku moja mlevi mmoja akaropoka, "We mkalimani, mbona umenyamaza, wanasema nini hapo?" Akajibiwa na watu kumi kwa pamoja nyamaza wewe! Mkalimani mwenyewe akasema polepole, bila kipaza, "Hapo hapatafsiriwi."

Sijasikia uchambuzi bora zaidi ya huo, na nimesoma wa wasomi wengi tu.

Hapa naomba nitoe dukuduku langu kidogo kwa ndugu zetu wa filamu za nyumbani. Nawapenda, nanunua kazi zenu, lakini jamani! Mama mkwe akifungua mlango, kinanda kinapiga mlio wa jini. Mama mkwe akikaa, jini. Akinywa chai, jini. Sasa jini mwenyewe akija kweli mtampigia nini? Halafu kwenye msiba mnaweka wimbo wa picha la Wazungu mliouchomoa mahali, mtu anaomboleza Kigogo huku kunapigwa nyimbo za mapenzi za Kimarekani. Mkiulizwa mnasema hakuna bajeti. Leone naye hakuwa na bajeti! Wapo vijana wanaopiga marimba, wapo wanaopiga zeze, wapo wapiga mluzi. Mmoja namfahamu, anapiga gitaa hapa hapa Kinondoni. Aliitwa kutunga muziki wa filamu nzima, akakesha usiku mbili, malipo yake yakawa soda na nauli. Jina lake hata mwishoni halikuandikwa. Mtu huyo siku ya tatu akiitwa tena ataenda?

Tuyaache hayo, presha itapanda.

Picha la Kihindi sitaliongelea sana kwa sababu nikianza sitamaliza, na nyie mnajua zaidi yangu. Shangazi yangu wa Unguja, Kihindi hajui hata cha kuombea maji, lakini nyimbo za Awara, picha la mwaka 1951, anaziimba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Enzi zake walikuwa wakitoka Majestic au Empire wanakwenda nazo nyumbani vichwani, na baadhi ya miziki ya picha hizo ikaingia mpaka kwenye taarabu, ikavishwa maneno ya Kiswahili ya kusutana. Lata Mangeshkar alipofariki Februari 2022, akiwa na miaka 92, shangazi alipika uji akagawa kwa majirani kama kafiwa na dada yake. Hakuwahi kuiona sura yake enzi hizo, maana aliyekuwa anaonekana akiimba ni mwigizaji, Lata yuko nyuma ya pazia.

Ila kuna kipande kimoja cha Sholay, la mwaka 1975, siwezi kukiruka. Si zile nyimbo za pikipiki. Ni pale jioni, Amitabh Bachchan amekaa nje anapiga kinanda cha mdomoni, ile harmonika, na kule juu barazani mjane kijana mwenye nguo nyeupe anazima taa moja moja. Hawaongei. Hawawezi kuongea, desturi haiwaruhusu. R. D. Burman aliyetunga muziki ule hakuweka makeke, kakitu kadogo tu ka huzuni. Na wewe uliyeliona picha unajua mwisho wake: kinanda kinanyamaza, taa zinabaki. Nilikuwa mtoto nikiliona, nikadhani mama anakohoa pembeni yangu. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anakohoa.

Wanaojua historia wanasema Sholay lilichota sana kutoka kwa Leone, na Leone naye ana mtu wake wa harmonika. Kwa hiyo kinanda kile kilitoka kwa Wataliano kikaenda Bombay, halafu vyote viwili vikakutana kwenye kibanda chetu nyuma ya mashine ya kusaga.

Magemu sasa. Najua wazazi mnaosoma hapa mmekunja nyuso, gemu kwenu ni kelele za kumfanya mtoto asisome. Lakini sikilizeni. Picha unaliona mara moja, mara mbili, ukilipenda sana mara kumi. Wimbo wa gemu unausikia mara elfu, tena unausikia wakati mikono yako inatoka jasho na roho iko mkononi. Unakuingia mahali ambapo wimbo wa redio haufiki.

Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders, vidubwana vinashuka kutoka angani unavipiga risasi. Muziki wake nota nne tu, zinashuka, zinarudi tena. Lakini kadiri unavyoviua, vilivyobaki vinakwenda kasi na zile nota zinakwenda kasi navyo, kama moyo wako. Ni ndugu yake yule papa.

Halafu akaja Koji Kondo na Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mashine ile ya Nintendo ilikuwa na uwezo wa kuimba sauti tatu tu kwa mpigo, na moja ya kukwaruza ya kufanyia ngoma. Ndiyo bendi yako hiyo! Na mtoto ataisikiliza saa tatu mfululizo, ikimchosha anazima na kampuni inakula hasara. Kondo akatunga kitu cha kuruka, cha kutania, na ukizama majini kinageuka kuwa wolzi, ile dansi ya Kizungu ya kuzunguka taratibu, ili mwili wako uhisi maji. Muda ukikaribia kwisha, wimbo ule ule unapigwa mbio, na hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa maana yake, wote wanajua. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo kwenye hazina ya sauti za kutunzwa milele, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, ile kelele iliyokukosesha usingizi sasa iko maktaba.

Na ule wa Tetris, wa kupanga matofali, je? Gemu lilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, na lilipoingizwa kwenye Game Boy mwaka 1989 likapewa wimbo wa zamani wa Kirusi unaoitwa Korobeiniki. Ukiuliza maana yake utacheka. Korobeiniki ni wachuuzi wa kutembeza bidhaa, machinga hasa. Maneno yake yanatokana na shairi la Nekrasov la mwaka 1861, machinga anabembelezana bei na msichana. Nyimbo za machinga wa Urusi zimeshika dunia nzima, wa kwetu wa Kariakoo wana miluzi na maneno matamu kuliko hayo, hakuna anayewarekodi.

Hilo la mwisho liliniuma zaidi siku moja nyumbani, na hapa ndipo nilipotaka kumfikisha kijana wa Tabata. Mpwa wangu alikuwa likizo kutoka chuo. Jumatatu jioni, nimekaa sebuleni napunga upepo, nasikia kutoka chumbani kwake kwaya inaimba Sala ya Bwana. Kiswahili safi, ngoma nyuma, sauti zinapanda kama kanisa zima limesimama. Nikajisemea kumbe chuo kimemrudisha mtoto kwa Mungu. Nikanyanyuka kumpongeza. Nakuta yuko kwenye kompyuta anapiga vita na Wamongolia!

"We, hii nini?"

"Gemu, anko. Civilization."

"Na hiyo kwaya?"

"Ndiyo wimbo wa gemu, anko. Unaitwa Baba Yetu."

Nikavuta kiti. Gemu ni Civilization IV, la mwaka 2005. Mtunzi ni Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya Kichina aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford, na mtengenezaji mkuu wa gemu hilo alikuwa mwenzake wa chumbani pale chuoni. (Unaona, kijana wa Tabata? Mwangalie vizuri huyo mwenzako wa geto.) Waimbaji ni kwaya ya wanafunzi wa hapo hapo Stanford, inaitwa Talisman. Baadaye Tin aliuingiza wimbo huo kwenye albamu yake ya mwaka 2009 ukiimbwa na Soweto Gospel Choir, na Februari 2011 ukapata Grammy, muziki wa kwanza uliotoka kwenye gemu kupata tuzo hiyo. Na lugha yake ni Kiswahili, ndugu zangu. Si lile neno moja la kwenye picha la Simba wa Disney la mwaka 1994 ambalo watalii wanatusalimia nalo, tena Disney wenyewe wakaenda kulisajili Marekani kama alama yao ya biashara! Hapa ni sala nzima. Gemu linaanza, unaiona dunia inazunguka angani, na dunia inasali Kiswahili.

Nikamwambia mpwa wangu rudia. Akarudia. Dada yangu naye akaja amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akauliza ni kwaya ya parokia gani. Tulipomwambia akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa sisi wenyewe tulikuwa wapi?"

Nina moja la mwisho, na hili si la kuchekesha.

Titanic lilitoka Desemba 1997, na mwaka uliofuata hakukuwa na deki Dar es Salaam ambayo haikulila. Muziki ni wa James Horner. Alitumia filimbi na zumari za Kiairishi, na sauti ya mwanamke wa Norway, Sissel, anayeimba bila neno hata moja. Mwongoza picha James Cameron hakutaka wimbo wa maneno mwishoni. Horner akautunga kwa siri na mwandishi Will Jennings, akamrekodi Celine Dion, akavizia siku ambayo Cameron yuko vizuri ndipo akampigia. Wengine mmeoana kwa wimbo huo, msinikatalie. Kuna miaka hapa mjini bibi harusi asipoingia ukumbini na Celine Dion, mnaona harusi imekosa kitu.

Jirani yangu mmoja, mama wa Bukoba, alikuwa akisikia filimbi ile anaingia ndani anafunga mlango. Miaka yote. Mtaani walisema ana maringo, hapendi mambo ya vijana. Mwaka 2021 binti yake akapata mchumba, nami nikawekwa kwenye kamati ya harusi. Binti alishachagua wimbo wa kuingilia, na mnaujua. Siku mbili baada ya kikao mama akanijia jioni, amejitanda khanga.

"Jirani, nina neno. Ule wimbo naomba mumtoe."

Akanieleza kwa sentensi chache. Mumewe alikuwa ndani ya MV Bukoba, ile Mei 21, 1996. Binti alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mwaka 1998 mama alialikwa kwa watu kuangalia mkanda, hakuna aliyemwambia ni picha la nini, na wale wenyeji nao hawakufikiria. Yeye hata Kiingereza chenyewe hasikii. "Maneno yake siyajui," aliniambia, "ila kile kilio kisicho na maneno ndicho nilichokuwa nakisikia mimi usiku." Binti hakuwahi kuambiwa. Alijua baba alikufa majini, hakujua habari ya wimbo.

Nimewaza sana juu ya hilo tangu wakati ule. Sauti ile haina maneno, kwa hiyo kila anayeisikia anaiwekea ya kwake. Binti alikuwa ameiwekea ya mapenzi, na hakuwa na kosa.

Nilimwita binti nikamwambia, kwa ruhusa ya mama. Alilia, halafu akakasirika, si kwa mama, kwa sisi watu wazima tuliokuwa tunasema mama ana maringo. Tukanyamaza, tungesema nini? Wimbo ukatolewa. Siku ya harusi akaingia na matarumbeta ya mtaani, vijana kumi na mbili wamevaa mashati ya njano, na ukumbi mzima ukasimama.

Ila DJ wa ukumbini hakuwa na habari zetu. Kama saa tano usiku, watu wanakula, akaupiga ule ule, filimbi tupu bila Celine. Nilinyanyuka kwenda kumzuia, nikamwangalia mama kwanza. Alikuwa ameshika sahani, anagawa keki meza ya wakwe. Akasimama hivi, kama mtu aliyeitwa jina. Halafu akaendelea kugawa, meza hiyo, na inayofuata. Nikarudi nikakaa.

Nafasi imeniishia, wapenzi. Yule dada wa Mbagala aliyeuliza habari za wifi yake na friji, jibu lako ni wiki ijayo. Na kama kuna msomaji mwenye kaseti ya muziki wa Enter the Dragon, ule wa mwaka 1973 alioutunga Lalo Schifrin, naomba aniazime. Redio ya kuipigia ninayo, na nitairudisha.